Merikani: Kitambaa Kilichoifunga Kitui na Marekani

Msomaji mpendwa, ikiwa nyumbani kwenu yupo nyanya au babu aliyekula chumvi nyingi, muulize leo baada ya chakula cha mchana merikani ni kitu gani. Huenda akakueleza juu ya kitambaa kizito cha pamba, cheupe kisichong'aa, ambacho zamani kilishonwa mashati, mashuka na mifuko, na hata kikatumika kuwa sanda. Akimaliza, mtupie swali la pili: kwa nini kitambaa hicho kikapewa jina la nchi iliyoko ng'ambo ya bahari?

Watoto wetu shuleni hufundishwa historia vipande vipande. Somo moja ni biashara ya masafa marefu, ambapo hukariri kwamba Wakamba walipeleka pembe za ndovu Mombasa na kwamba kiongozi wao mashuhuri alikuwa Kivoi wa Kitui. Somo jingine, labda katika kitabu kingine kabisa, ni Marekani: Rais Andrew Jackson, safari za walowezi kuelekea magharibi, utumwa, na watu waliojitolea kuupiga vita. Mtihani ukishapita, kila kipande husahaulika kivyake. Kumbe mambo hayo yalitokea katika miaka ile ile, na yalifungwa pamoja kwa uzi mmoja wa pamba. Hebu tuufuate uzi huo leo, kuanzia baharini hadi vilima vya Ukambani.

MABAHARIA WA SALEM

Marekani ilijitangazia uhuru mwaka 1776, na Uingereza ikaukubali uhuru huo mwaka 1783. Lakini uhuru ulikuja na gharama yake. Bandari nyingi za makoloni ya Uingereza, ambazo wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wamezizoea, sasa ziliwafungia milango. Iliwabidi watafute masoko mapya, hata kama ni mwisho wa dunia.

Miongoni mwa waliothubutu walikuwa mabaharia wa Salem, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Massachusetts. Merikebu zao zilivuka bahari ya Atlantiki, zikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na baada ya miezi kadhaa zikatia nanga Unguja. Mwaka 1828 mfanyabiashara mmoja aitwaye Edmund Roberts alionana na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, wakazungumza habari za biashara. Roberts aliporudi kwao aliishawishi serikali, na Rais Jackson akamtuma tena akiwa mjumbe rasmi. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Muscat, mkataba ukatiwa saini. Wamarekani wakaruhusiwa kufanya biashara, na bidhaa walizoshusha zikatozwa ushuru wa asilimia 5 tu.

Usidhani kwamba hayo yalikuwa mambo madogo. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 merikebu 41 za kigeni zilifika Unguja, na 32 kati yake zilikuwa za Marekani. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem aliwasili kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kisiwani humo. Waingereza, ambao baadaye walikuja kujifanya wenye nyumba, walimleta wa kwao mwaka 1841. Na mwaka 1840 Seyyid Said naye alituma jahazi lake, Sultana, hadi New York likiwa chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, pamoja na zawadi za Rais Martin Van Buren.

Wamarekani walitaka pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Nao walileta nini? Walileta bunduki, baruti na vitu vingine, lakini zaidi ya vyote walileta kitambaa. Kilikuwa kitambaa kigumu, kizito, kisichochakaa upesi, na bei yake ilikuwa nafuu. Watu wa pwani wakakiita kwa jina la waliokileta: merikani, na wengine wakasema amerikani.

Kikapendwa hata kikawa fedha. Mikono 4 ilikuwa shuka moja. Shuka 2 zilikuwa doti. Na kitambaa kizima kilichokunjwa kama kilivyotoka kiwandani kiliitwa jora. Mtu alilipwa kwa shuka, alitozwa hongo kwa doti, na tajiri alihesabiwa kwa majora.

NJIA YA WAKAMBA

Sasa tugeuze uso, msomaji, tutazame bara. Simulizi za Wakamba zinasema kwamba wazee wao walikaa katika milima ya Mbooni, ambayo leo imo katika kaunti ya Makueni. Huko kulikuwa na mvua na udongo mzuri. Lakini watu walipoongezeka, mashamba yakawa hayatoshi. Vijana wakaanza kutoka: wengine wakaenda Kilungu na Iveti, na katika karne ya 18 wengine wakavuka mto Athi kuelekea mashariki, wakaingia nchi ya Kitui.

Kwa hiyo Wakamba nao walikuwa na safari yao ya walowezi, ila yao ilielekea jua linakochomoza. Tena walikuwa na sheria yao ya ardhi. Pori lililo wazi liliitwa weu, na kila mtu angeweza kulisha mifugo yake humo. Aliyetenga sehemu ya malisho yake mwenyewe aliiita kisesi. Na aliyefyeka akalima, shamba hilo likawa ng'undu, mali yake na ya watoto wake. Jasho ndilo lililokuwa hati ya kumiliki.

Kitui, hata hivyo, si Mbooni. Mvua yake ni ya kubahatisha, na njaa haikuwa mgeni. Ilipoingia, watu walifunga safari kwenda kwa majirani kubadilishana walichonacho kwa chakula. Safari hizo ziliitwa kuthuua. Katika kwenda na kurudi huko walijifunza njia, visima, lugha na urafiki wa kabila hadi kabila. Basi pwani ilipopiga kelele kutaka pembe za ndovu, Wakamba walikuwa tayari: walikuwa wawindaji hodari wa upinde na mshale wa sumu, na walizijua njia.

Kuanzia miongo ya mwanzo ya karne ya 19 misafara yao ilishuka hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa miguu, kupitia nyika kavu ya Taru. Kila pembe ilikaa begani mwa mtu. Waliporudi walikuwa na chumvi, shanga, waya wa shaba, na kitambaa. Mombasa na Unguja wakati huo kitambaa kilichotia fora kilikuwa merikani.

Mkubwa wa biashara hiyo huko Kitui alikuwa Kivoi wa Mwendwa. Hakuwa mfalme, kwa maana Wakamba hawakuwa na wafalme. Mambo ya kijiji yaliamuliwa na wazee. Nguvu za Kivoi zilitokana na misafara yake, na watu wengi waliomtegemea, na marafiki aliokuwa nao toka pwani hadi ng'ambo ya mto Tana. Mzungu wa kwanza kufika kwake, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, alipokewa naye mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa katika nchi ya Kitui, Krapf aliuona kwa mbali mlima wenye theluji ambao Wakamba walikuwa wakiuita Kiinyaa. Aliliandika jina hilo kwa kadiri masikio yake yalivyolisikia, na leo, msomaji, ndilo lililo kwenye pasipoti yako.

PAMBA ILITOKA WAPI?

Hapa ndipo habari inapoanza kuwa chungu. Kitambaa alichojifunga mtu wa Kitui mwaka 1845 kilifumwa kwa pamba. Pamba hiyo ilipandwa na nani, na katika ardhi ya nani?

Mwaka 1793 Mmarekani aitwaye Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenganisha pamba na mbegu zake. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nzima sasa ilichukua muda mfupi tu, na kila mwenye shamba akataka kupanda pamba zaidi. Mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson akanunua kutoka kwa Wafaransa eneo kubwa la Louisiana kwa dola milioni 15, na nchi ikaongezeka maradufu kwa mkataba mmoja. Mississippi likawa jimbo mwaka 1817, na Alabama mwaka 1819. Udongo wa huko ulikuwa mweusi na wenye rutuba, unaofaa pamba kuliko kitu kingine chochote.

Tatizo ni kwamba ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Wacherokee, Wachoctaw, Wacreek, Wachickasaw na Waseminole walikuwa wakiishi humo tangu enzi za mababu zao. Wacherokee walikuwa na katiba yao iliyoandikwa, shule, na gazeti kwa lugha yao. Hayo yote hayakuwafaa kitu. Tarehe 28 Mei 1830 Rais Jackson alitia saini sheria ya kuwahamisha watu hao kuelekea magharibi, ng'ambo ya mto Mississippi. Wacherokee walikwenda mahakamani, na mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba jimbo la Georgia halikuwa na mamlaka juu ya nchi yao. Uamuzi huo haukuwaokoa. Katika mwaka 1838 na 1839 wanajeshi waliwatoa majumbani mwao Wacherokee wapatao 16,000. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa kwa maradhi, baridi na uchovu. Safari ile hadi leo inaitwa Njia ya Machozi.

Jackson huyo huyo ndiye aliyesifiwa kuwa rais wa mtu wa kawaida. Katika zama zake wanaume weupe wasio na mali waliingia katika daftari za wapiga kura kwa wingi kuliko wakati wowote uliotangulia. Demokrasia ilipanuka kwa wengine na ikawa msiba kwa wengine. Wahenga wetu walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Siasa za aina hii zina tabia ya kuchagua nani ni mzaliwa na nani ni mgeni, hata kama huyo mgeni ndiye aliyezaliwa pale.

Ardhi ilipokwisha kupatikana, watumwa wakaletwa kuilima. Marekani ilikuwa imepiga marufuku kuingiza watumwa kutoka Afrika kuanzia mwaka 1808, lakini kuuza na kununua ndani ya nchi kuliendelea. Takriban watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya zamani kwenda mashamba mapya ya pamba, mke huku, mume kule, mtoto kwingine. Mwaka 1790 watumwa nchini humo walikuwa karibu 700,000. Kufikia mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4.

Basi fikiria jambo hili. Mwafrika aliyekuwa mtumwa Alabama alichuma pamba. Na kitambaa cha pamba kama hiyo kikaja kuuzwa kwa Mwafrika huru wa Kitui, ambaye alikilipia kwa jino la ndovu. Wawili hao hawakujuana, wala hapakuwa na mtu wa kuwaeleza.

WASICHANA WA LOWELL

Kati ya shamba na merikebu palikuwa na kiwanda. Massachusetts ulikuwa na mji mpya wa viwanda uitwao Lowell, ambapo mashine ziliendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto Merrimack. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana waliotoka mashambani, wenye umri wa kuanzia miaka 15 hadi 30 hivi. Waliishi katika mabweni ya kampuni, wakaamshwa kwa kengele, wakafanya kazi saa 12 au 13 kwa siku, siku 6 kwa juma.

Mwaka 1834 kampuni zilipotangaza kupunguza mishahara, wasichana wapatao 800 waliacha kazi wakaandamana. Walishindwa. Mwaka 1836 malipo ya bweni yalipopandishwa, waliotoka walikuwa karibu mara mbili ya hao. Mwanamke mmoja aitwaye Sarah Bagley akaongoza chama cha wafanyakazi wanawake, wakakusanya sahihi maelfu kudai siku ya kazi iwe saa 10. Mwaka 1845 walifika mbele ya kamati ya bunge la jimbo kutoa ushahidi, na hao walikuwa wanawake wasiokuwa na haki ya kupiga kura. Bunge likakataa kutunga sheria. Sheria ya saa 10 kwa wanawake wa Massachusetts ilipitishwa mwaka 1874. Wengi walioidai walikuwa wamekwisha kuwa mabibi au wamekwisha kufa, lakini ilipitishwa.

Miaka hiyo ilikuwa ya vuguvugu la kurekebisha jamii. Makanisa yalifurika watu. Vyama vya kupinga ulevi vikaenea. Mwaka 1831 William Lloyd Garrison alianzisha huko Boston gazeti la kudai watumwa waachiliwe mara moja. Mwaka 1848 wanawake na wanaume walikutana Seneca Falls kudai haki za wanawake, na miongoni mwa waliosimama kuwaunga mkono alikuwa Frederick Douglass, mtu aliyezaliwa mtumwa akatoroka.

Lakini wema wa mtu hauna budi kupimwa pia kwa mfuko wake. Waters, yule balozi mdogo wa Unguja, alikuwa mtu wa dini aliyechukia utumwa. Hata hivyo utajiri wake ulitokana na kuuza kitambaa, na kitambaa kilitokana na pamba ya watumwa. Katika mji wa Deep River, jimbo la Connecticut, kulikuwa na mwenye kiwanda aitwaye George Read. Mwaka 1828 mtumwa aliyetoroka alifika mlangoni kwake, naye akampokea na kumficha, jambo lililohitaji moyo. Kiwanda cha Read kilitengeneza nini? Vichana vya pembe za ndovu. Baadaye mji huo na jirani yake Ivoryton ikawa mashuhuri kwa kukata vibao vya piano kutokana na pembe zilizotoka Afrika Mashariki, ambazo nyingi zilibebwa hadi pwani na watumwa.

Hatusemi watu hao walikuwa wanafiki. Tunasema tu kwamba ni rahisi kuuona uovu unaobisha hodi mlangoni kwako kuliko ule ulioko mwanzoni mwa safari ya bidhaa unayoiuza. Ugonjwa huo haukuisha karne ya 19.

MWISHO WA KIVOI NA WA MERIKANI

Krapf alirudi Ukambani Julai 1851, akitaka kufika mto Tana. Kivoi akakubali kumwongoza. Mwezi Agosti, walipokuwa karibu na mto huo, msafara wao ulishambuliwa ghafla na wanyang'anyi. Wengi walitawanyika, na Kivoi akauawa pamoja na watu waliokuwa karibu naye. Krapf alinusurika peke yake porini, akabeba maji ndani ya mtutu wa bunduki kwa kukosa chombo. Alipofika kwa watu wa Kivoi alikuta wakimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, ikambidi atoroke usiku na kurudi hadi Rabai.

Kifo hicho kilikuja wakati mbaya. Ndovu walikuwa wakizidi kupungua karibu na makazi ya watu, na wawindaji walilazimika kwenda mbali zaidi kila mwaka. Katika miaka ya 1860 na 1870 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walianza kuingia bara wenyewe, wakiwapita Wakamba njiani. Biashara ikawaponyoka. Waliobaki na mashamba walijikaza, na waliokuwa wameyategemea majora peke yake wakaumbuka.

Na merikani? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ilikatika. Vita hivyo vilipomalizika mwaka 1865 utumwa ulikuwa umefikia kikomo, lakini soko la Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kuchukuliwa kwa sehemu kubwa na vitambaa kutoka Uingereza na Bombay. Jambo la ajabu ni kwamba jina halikuondoka. Watu waliendelea kuita merikani kitambaa ambacho hakikuwahi hata kuiona Marekani.

ZAMU YA MAKUENI

Wamarekani walirejea Ukambani kwa njia nyingine. Mwaka 1895 kundi la wamisionari lililotoka Philadelphia likiongozwa na Peter Cameron Scott, kijana mzaliwa wa Uskoti, lilishuka Mombasa na kupanda bara. Kituo chao cha kwanza walikijenga Nzaui, katika Makueni ya leo. Scott alifariki Desemba 1896, hata miaka miwili haijatimia, lakini kazi aliyoianza ndiyo iliyozaa kanisa linalojulikana leo kama AIC. Mizizi ya wamisionari kama hao ilikuwa katika uamsho wa makanisa wa zile zama za Jackson.

Wakati huo huo reli ya Waingereza ilikuwa ikipanda kutoka Mombasa. Ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, katika kipindi cha njaa kuu ambayo Wakamba wanaikumbuka kwa jina la Ngomanisye. Nyuma ya reli wakaja walowezi. Vilima vya Mua vikatwaliwa, Yatta ikafungwa, na Wakamba wakachorewa mipaka ya eneo lao, kama Wamarekani wa asili walivyochorewa yao. Wajukuu wa wale waliovuka mto Athi kutafuta ardhi sasa walikuwa ndani ya ua.

Watu na mifugo walijaa, na udongo ukamomonyoka. Serikali ya kikoloni ikasema kosa ni ng'ombe kuwa wengi, na mwaka 1938 ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya chini. Chini ya uongozi wa Muindi Mbingu, Wakamba kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona gavana. Muindi alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma, na uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu ukasimamishwa. Wacherokee walikwenda mahakamani wakashinda kwenye karatasi. Wakamba waliketi chini Nairobi na kuokoa ng'ombe wao.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilibuni mpango wa kuwahamishia watu katika pori la Makueni, lililokuwa limejaa mbung'o. Vichaka vilifyekwa, visima na mabwawa yakachimbwa, na familia zikagawiwa mashamba kwa masharti makali ya kulima na kufuga. Mwanzoni wengi walikataa kwenda. Walikuwa na sababu: aliyeng'atwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Waliogopa kwamba pori likishageuka shamba, Mzungu atalitaka. Baadaye, walipoona hakuna anayefukuzwa, walimiminika. Kazi ya kujenga matuta na kuchimba mitaro ilifanywa kwa mwethya, yaani kwa mikono ya majirani wote pamoja, na wengi wao walikuwa wanawake. Makueni, iliyokuwa sehemu ya Machakos, ikawa wilaya yake mwaka 1992 na baadaye kaunti chini ya katiba ya 2010.

UZI HAUJAKATIKA

Sasa, msomaji, utauliza: haya yananihusu nini mimi ninayekaa Umoja au Buruburu?

Yanakuhusu kwa sababu uzi ule bado unapita. Mwaka 2000 Marekani ilitunga sheria ya AGOA, iliyofungua soko lake kwa nguo za Afrika bila ushuru. Viwanda vya kushona vikaongezeka katika maeneo ya EPZ, hasa Athi River, na vikaajiri wanawake vijana kwa maelfu, wakiwemo wengi kutoka vijiji vya Ukambani. Safari ya nguo ikawa imegeuka: sasa inatoka kwetu kwenda kwao. Lakini Januari 2003 wafanyakazi wa viwanda hivyo walipogoma, madai yao yalikuwa mishahara na masaa ya kazi. Sarah Bagley angefufuka siku ile akasimama kwenye lango la kiwanda, asingehitaji mkalimani.

Huko Kitui kwenyewe serikali ya kaunti ilifungua mwaka 2018 kituo cha kushona nguo kiitwacho KICOTEC. Kilishona sare za shule, na mwaka 2020, wakati wa korona, kikashona barakoa. Kitui na Makueni pia ni nchi inayostahimili pamba, na wakulima wake wamekuwa wakiilima kwa miongo mingi, ingawa bei imewavunja moyo mara kadhaa. Babu zao walitoa jino la ndovu kupata shuka moja iliyofumwa ng'ambo. Ikiwa mjukuu anaweza kulima pamba na jirani yake akaishona ikawa sare, hilo si jambo la kupuuza. Ila linahitaji mkulima alipwe haki yake na mshonaji apumzike saa zake, la sivyo tutakuwa tumebadilisha mahali pa uchungu tu.

Kwa hiyo wazazi, jioni ya leo mnapokunja nguo za watoto za kesho, chukueni shati moja mgeuze ukosi wake, msome limeshonwa wapi. Kisha waulizeni watoto: pamba hii ilipandwa na nani? Aliyeishona alifanya kazi saa ngapi? Ardhi iliyoizaa ilikuwa ya nani kabla? Huenda hakuna atakayejua jibu. Nanyi wanafunzi, mtakapokutana na jina la Kivoi katika karatasi ya mtihani, andikeni tarehe na bidhaa kama mwalimu anavyotaka, mpate alama zenu. Lakini mkumbuke kwamba upande wa pili wa jora lake alikuwepo msichana wa Lowell aliyechoka, Mcherokee aliyefukuzwa, na mtumwa wa Alabama aliyeinama juani. Wote walikuwa na majina, kama yeye, ingawa kitabu kimeyaacha.